Wasomaji Hodari wa Kithimani

Nilitumwa kwa sababu ya sifa. Ofisi yetu ya Mavoko hupima kama watoto wa Gredi ya Pili wanajua kusoma, na ripoti ilikuwa imeingia kwamba katika shule moja ng'ambo ya Kithimani hakuna hata mtoto mmoja anayekwama. Mkubwa wangu alitaka picha za kuonyesha wageni. Mimi nilitaka kuuona muujiza huo kwa macho yangu.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka na gari la ofisi. Tulipopita Thika, dereva akasema tutarudi mapema, maana watoto wanaojua hawachukui muda.

Saa tatu tulifika. Naibu mwalimu mkuu, Bwana Mutiso, alikuwa ametuandalia chai na maandazi, na watoto walikuwa wamepakwa mafuta mpaka wakang'aa. Wa kwanza kuletwa alikuwa Mutheu, msichana wa miaka minane. Nikamfungulia hadithi yetu ya kuku aliyepotea. Aliisoma yote bila kukwama, kidole kikifuata mistari. Mutiso akatabasamu kama mtu aliyeshinda kura.

Nikafungua ukurasa mwingine, wa herufi tupu zisizounda neno lolote. "Soma na hapa."

Mutheu akaweka kidole juu ya herufi hizo, akaanza, "Kuku wa nyanya alipotea..." Akaimaliza hadithi nzima.

Wa pili alifanya vivyo hivyo. Wa tatu alianza kabla sijafungua kitabu.

"Mwalimu, hawa wanasoma?" nikauliza.

"Si umesikia, madam? Wako sawa."

"Nimesikia kwaya."

Akashusha sauti. "Hiyo hadithi nyinyi ndio mnaleta, kila mwaka ile ile. Na Ijumaa niko na wazazi hapa, wanakuja kusherehekea. Andika tu ripoti ile ya kawaida."

Hapo kwenye hadithi alinipata, maana alisema kweli. Nikachukua daftari langu, nikaandika: Mama ana mbuzi. Nikampa Mutheu.

Aliyatazama maneno hayo kwa muda mrefu. "Ma," akasema. Kisha, "Mama." Akaninong'oneza, "Madam, hizi zingine haziko kwa kuku."

Niliwapa na wenzake wawili, kisha nikaandika nilichosikia: sufuri, sufuri, na kwa Mutheu neno moja. Mutiso hakutusindikiza.

Saa kumi jioni nilikuwa ofisini. Nilikuwa nimejifunza kwamba kufundisha mtihani ni rahisi kuliko kufundisha mtoto, na kwamba sisi wapimaji ndio tuliorahisisha kazi hiyo. Nikamwambia mkubwa hivyo. Alikubali bila ubishi, akasema itatungwa hadithi mpya, ya ng'ombe.

"Shule zitaiona lini?" nikauliza.

"Tutawatumia mapema," akasema, "wapate nafasi ya kujiandaa."