Thomasi Alipoanza Kuchemka Mezani

Nimewalaza wagonjwa wengi, ila mtu kuchemka mezani kabla hata kisu hakijamgusa nimemwona mmoja tu.

Kazi yangu ni usingizi. Hapa Bariadi wananiita Hemed wa gesi. Mgonjwa anavuta, analala, wenzangu wanapasua.

Siku hiyo aliletwa Thomasi, kijana mfugaji, dume limemchoma pembe tumboni. Alikuja na mama yake, Nyamizi. Nikamsalimia mama kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, kisha nikauliza kama kawaida: kuna ndugu aliyewahi kudhurika na dawa ya usingizi?

"Hakuna, baba."

Poa. Nikafungulia gesi.

Haikuchukua muda. Taya likakaza, mwili ukakakamaa kama gogo, joto lake nikalisikia kupitia glavu. Niliogopa, sitawadanganya. Kuna familia chache ambazo miili yao haipatani na gesi ile. Inawaua.

Nikafunga gesi, nikampa oksijeni tupu, nikamhamishia usingizi wa sindano. Dawa yenyewe ya hali hiyo hatukuwa nayo. Muuguzi Judica akakimbilia kantini, akarudi na barafu na maji yote ya kwenye friji. Tukammwagia mpaka akapoa, wenzangu wakamalizia kazi.

Thomasi akapona. Mimi nilikuwa nimekauka tu, hata furaha sikuisikia.

Nikamweleza mama kwamba ni gesi, na kwamba hali hii watu wanarithi, hivyo ndugu zake wote wawe wanasema kabla ya kulazwa.

Ndipo akaniambia kuwa Mahona, kaka yake Thomasi, alifia mezani hivyohivyo, hospitali nyingine. Wa moto, amekakamaa.

"Mayu, mama yangu, si nilikuuliza?"

"Uliuliza dawa. Mahona alirogwa. Tulisema ni mke mwenzangu, tukamfukuza."

Nikamuuliza huyo mke mwenzake yuko wapi sasa. Akasema walisikia amefia mjini Mwanhuzi, peke yake.

Hakulia. Alikuwa anatazama mikono yake tu.

"Afadhali ungeniambia ni uchawi," akasema.

Nikarudi ndani kusafisha mashine.

Ndugu zangu, swali nimelibadilisha. Ukija kwangu kupasuliwa nitakuuliza: nani kwenu alirogwa, na alikuwa wapi yalipomkuta?

Usinione mshirikina. Nijibu tu.