Robo za Mwalimu Khoát

Mwalimu Khoát alikuwa mbahili wa alama, na kwa miezi minne nilimchukia kwa hilo. Alifundisha hesabu sebuleni kwake, hapa mjini kwetu Nam Định, sisi kumi na wawili tumebanana kwenye mabenchi, mkewe Mama Lụa akikaanga tofu nyuma ya pazia. Ujanani alifanya mtihani wa chuo kikuu, akaandika majibu tu bila hatua, yote sahihi, akafeli. Kwetu msahihishaji hatoi alama kwa jibu peke yake; hutoa robo ya alama kwa kila hatua. Basi akaishia kufundisha shule ya msingi miaka thelathini, na kisa hicho alimsimulia kila mwanafunzi mpya bila kuona haya.

Mimi nilikuwa mwepesi wa kichwa na mvivu wa mkono. Siku ya kwanza aliandika ubaoni: mzizi wa 2x + 3 ni sawa na x. Hata hajageuka nikasema, "Tatu, Mwalimu."

"Sifuri."

"Lakini ni tatu."

"Ni tatu, na wewe Uyển umepata sifuri. Hasi moja umeizika wapi?"

Wenzangu wakacheka. Akanipa chaki. Nikaandika kwamba x haiwezi kuwa chini ya sifuri, maana mzizi haushuki huko. "Robo," akasema. Nikaondoa mzizi kwa kuzidisha kila upande kwa wenyewe, nikapata x² − 2x − 3 = 0. "Robo." Nikapata 3 na −1. "Robo." Nikaikata −1 kwa sababu ya ule mstari wa kwanza.

"Sasa una alama nzima," akasema. "Kaa chini, na punguza maringo."

Tulipofika kwenye kalkulasi alizidi. Ukitafuta mahali mchoro unapoacha kupanda na kuanza kushuka, uandike umetoka wapi, umepita wapi, na kwa ruhusa ya nani. Nyumbani nilinung'unika, lakini sikuwa na ujanja. Baba alishasema: mtihani ni mmoja tu, nikikosa chuo cha ualimu nakwenda kushona kiwandani na dada yangu.

Siku ya mtihani, swali la mwisho lilinishinda. Lilitaka thamani kubwa kabisa ya hesabu yenye herufi tatu. Zamani ningeliacha wazi. Mkono, kwa mazoea tu, ukaandika masharti ya herufi zile, mstari wa kwanza. Wa pili, nikazipunguza zikabaki herufi moja. Hapo nikakwama, kengele ikalia. Sikuwa na jibu lolote.

Chuo kilitaka alama ishirini na moja. Nilipata ishirini na moja kamili. Nilirudia kuhesabu kila swali nililokuwa na uhakika nalo, na nusu moja haikuwa na mahali pengine pa kutoka ila kwenye ile mistari miwili. Nililia mbele ya baba, naye akatoka nje ili nisimwone.

Nilikwenda kwa Mwalimu na machungwa. Mama Lụa alinipokea mlangoni.

"Ingia, mwanangu, labda wewe atakusikia. Tangu umsimulie lile swali la mwisho, siku ile ya mtihani, hali chakula vizuri. Jibu lilitoka gazetini, nikamwambia asome, akakataa. Gazeti lenyewe nimefungia samaki."

Mwalimu alikuwa mezani, karatasi zimemzunguka. Nikainama, nikamkabidhi machungwa kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nimepita. Ni zile robo zako. Ahsante sana."

Hakunipongeza. Aliuliza, "Mstari wako wa pili ulikuwa upi? Nisomee."

Nikausoma. Akausikiliza akiwa amefumba macho, kisha akaushika ule mrundo wa karatasi. Kila moja ilikuwa na masharti ya herufi juu, yamepigwa mstari vizuri, na chini yake majaribio yaliyokatwakatwa.

"Hapo sikufika," akasema. "Siku zote hizi sikufika."

Akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha karatasi yake mwenyewe: robo. Akavuta karatasi safi, akaandika jina langu, akaandika mistari yangu yote miwili, akaweka robo mbili.

Kisha akasogea kwenye benchi kunipisha. "Kaa hapa, Mwalimu Uyển. Nionyeshe ulipitaje."