Programu Iliyofika Geita Ikiwa Tupu

Iko siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila nikikuona umejiinamia mbele ya kompyuta yako pale sebuleni. Ni siku konda wa basi la Geita alipokuja mpaka mlangoni kwangu, hapahapa Shinyanga, akaniambia majirani wakisikia, "Mama Kulwa, Baba Hasina anasema kile ulichomtumia hakina kitu. Kitupu kabisa." Akageuka akaenda zake, maana basi lilikuwa linamsubiri stendi. Mimi nikabaki nimeshika ufagio.

Najua umepunguzwa kazi. Najua unajifunza mwenyewe kuandika programu, na unatafuta kazi kwa watu wa mbali ambao pengine hutawaona uso. Juzi walipokujibu kwamba kazi yako ya majaribio haikufanya chochote, ulijifungia chumbani ukakataa hata chai. Nikasema moyoni, huyu lazima asikie habari za Baba Hasina. Kaa vizuri basi, na uache kuniangalia kwa jicho hilo la kusema mama mzee huyu anajua nini kuhusu kompyuta.

Miaka ile ya tisini mashirika yalikuwa yanapunguza watu kila kona. Mimi nilikuwa karani kwenye jinari, kiwanda cha kuchambua pamba. Kompyuta ilipoletwa ofisini, fundi aliyeifunga aliondoka akaacha kitabu kinene cha maelekezo ambacho hakuna aliyetaka kukigusa. Nikakigusa mimi. Wenzangu wakienda kula, mimi nakaa na kitabu, kamusi pembeni, kidole kwenye mstari. Nilianza kwa kuifanya ile mashine iandike jina langu. Siku ilipoandika, nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Baadaye nikaweza kuiamuru ihesabu marobota ya pamba na kuyapanga kwa magulio pamba yake ilikotoka. Hakuna aliyenifundisha, na nakuambia kwa majivuno, maana nilistahili kujivuna.

Halafu wakatupunguza. Nilinawa uso chooni, nikaenda kuaga watu kwa tabasamu, na tabasamu lile liliniuma kuliko barua yenyewe ya kupunguzwa. Wewe hujazaliwa; nilikuwa na mapacha wachanga, wakubwa zako Kulwa na Doto, na baba yenu alikuwa dereva wa lori, leo Tabora kesho Kigoma. Nikaandika maombi ya kazi Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma. Wengine hawakujibu, na waliojibu waliuliza cheti cha kompyuta nilikipata chuo gani. Cheti sikuwa nacho. Na hata wangeniita, mapacha wale ningewaacha na nani?

Aliyeniokoa ni shangazi yangu, Shangazi Minza. Yeye riziki yake ilikuwa Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuwa anaosha marudio, ule mchanga ambao wachimbaji wameshautoa dhahabu yao, na yeye anaupitia upya. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Akija Shinyanga anafikia kwangu, anawabeba mapacha wote wawili kwa pamoja na kunipa habari za machimbo yote. Siku moja akanikuta naandika barua nyingine ya maombi.

"We Kabula," akasema, maana yeye hakuwahi kuniita Mama Kulwa, "hao unaowaandikia wana shida gani?"

Nikamwambia sijui.

"Sasa unawauzia dawa na hujui wanaumwa nini? Baba Hasina pale Kalangalala analalamika kila siku. Ana kompyuta aliyonunuliwa na kaka yake, ameifunika kitambaa. Hajui dukani kumebaki nini na kimeisha nini. Kaongee na huyo."

Baba Hasina alikuwa Mhindi mwenye duka la vifaa vya wachimbaji mjini Geita: pampu za maji, mikanda, kamba, makarai, misumari ya kila namna. Baba yake alizaliwa hapohapo, na yeye Kisukuma anakisema kuliko wewe. Niliwafunga mapacha, mmoja mgongoni mwangu na mwingine mgongoni mwa shangazi, tukavuka ziwa kwa kivuko cha Busisi, tukaingia dukani kwake tukiwa wekundu kwa vumbi. Kompyuta ilikuwepo kweli, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, juu yake pamewekwa sahani ya karanga.

Nilikaa pale kutwa, nikamuuliza kila kitu. Kisha nikamwambia naweza kumwandikia programu ya kumwonyesha mali yake yote, ila nitaiandikia Shinyanga, kwa sababu ya watoto. Hilo hakulipenda.

"Fundi nisiyemwona dukani?" akasema. "Kikiharibika kitu nimfuate Shinyanga? Kuna kijana wa Mwanza yuko tayari kuja kukaa hapa."

Shangazi akaniombea, mimi nikaahidi, na mwishowe akakubali nijaribu. Nimtumie kazi, aione. Ikifanya kazi, dukani kwake ni mimi, na ndugu zake wa Masumbwe na Kahama atawaambia. Isipofanya, anamchukua kijana wa Mwanza. Nilirudi nyumbani nikiwa na nafasi hiyo moja tu.

Sasa kompyuta ya kuandikia? Parokiani walikuwa nayo, na Sista Yasinta aliyekuwa ofisini alinikubalia niitumie mchana, mradi nimchapie matangazo ya Jumapili. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, huku mapacha wamelala kwenye kanga chini ya meza. Niliipenda kazi ile. Hata nikaongeza kitu ambacho Baba Hasina hakuniagiza, nitakuambia baadaye. Ilipokamilika nikaiweka kwenye disketi. Wewe hukuzikuta disketi: kama kibati cheusi, ila cha plastiki, chembamba, kinaingia mfuko wa shati, na ndani yake kazi yako yote imeshikwa kwa usumaku.

Nikampa Shangazi Minza aliyekuwa anarudi Rwamgasa, apitie dukani. Nikamwambia, "Shangazi, itunze hii." Basi. Akaapa ataitunza. Halafu ndiyo akaja yule konda.

Nikuambie nilivyokuwa? Sikwenda parokiani tena. Nilijiambia kwamba wale wa jinari walinipunguza kwa sababu walishaona sijui kitu. Kila nilichojifunza kwenye kile kitabu kinene kilionekana mchezo wa mtoto. Mtu wa kwanza kuniamini kanifungua kanikuta mtupu, na kanitangaza mpaka kwenye basi. Nikaanza kuulizia bei ya unga wa ngano ili nikaange maandazi. Maandazi ni kazi nzuri, usinielewe vibaya, lakini mimi ya kwangu huungua.

Shangazi aliporudi sikumwambia. Niliona nikisema ataumia, maana ndiye aliyeniombea, na tena yeye ni mkubwa wangu, nitaanzaje kumuuliza alibebaje kitu? Nikampikia, nikamchekea. Yeye akanitazama, akaacha kula.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikashindwa kujizuia, nikamwambia yote. Akashangaa kweli. "Haiwezekani," akasema. "Kile kibati nilikitunza kuliko macho yangu. Sikukiweka hata kwenye mkoba. Nilikiweka kwenye kopo langu, pale ninapowekea mizani na sumaku."

"Sumaku gani, Shangazi?"

Akaitoa, nzito, ya kwenye spika kubwa mbovu. Waosha marudio wote wanayo. Ukishamaliza kuosha, mchanga mweusi hubaki umeng'ang'ania dhahabu, unaupitishia sumaku, mchanga unaruka unashika, dhahabu inabaki. Kile kitabu changu kinene kilikuwa na ukurasa mzima wa kuonya kwamba disketi isikaribie sumaku. Sumaku ya spika na disketi, kopo moja, safari nzima ya kutikiswa mpaka Geita! Kazi yangu ilifutwa njiani.

Nilicheka, mwanangu. Nilicheka na machozi yananitoka, mapacha wakaamka, nikawachukua nikawazungusha chumba kizima. Mzigo ulinitoka kifuani nikausikia unavyotoka. Sikuwa mtupu. Niliandika kitu, na kilikuwepo, na nakala yake bado ilikuwa kwenye kompyuta ya parokia!

Shangazi hakucheka. Alisubiri nimalize, kisha akanisema, na maneno yake ndiyo ninayokupa leo.

"Kabula, mimi umenikosea mara mbili. Ulinipa kitu ukasema itunze, hukusema kinaogopa nini. Nikikupa mtoto wa watu si nakuambia huyu ana kikohozi, usimtoe kwenye baridi? Ya pili, mtu kakwambia umetuma utupu, na wewe ukamwamini kabla ya kuniuliza mimi niliyebeba. Unaniheshimu kwa kuninyamazia? Heshima gani hiyo? Ungekaanga maandazi mpaka uzeeke kwa ajili ya sumaku yangu?"

Nilipiga magoti nikamwomba radhi, akanivuta kanga nikainuka. "Katoe nyingine," akasema. "Safari hii tunakwenda wote."

Tukaenda. Sumaku tuliiacha Shinyanga kwa Sista Yasinta. Dukani tulimkuta Baba Hasina na wateja wake, na kabla sijafungua mdomo Shangazi Minza akapaza sauti kutoka mlangoni, "Baba Hasina! Aliyeharibu ni mimi, si mtoto huyu! Niliiweka kopo moja na sumaku yangu ya marudio!"

Duka zima likageuka. Baba Hasina akakunja uso. "Mama, mnaniletea hadithi."

"Kama ni hadithi, leta kaseti ya taarabu unayoipenda, nikatafute sumaku dukani kwako niilaze juu yake mpaka jioni. Halafu uipige tusikie."

Wachimbaji wakaangua kicheko. Baba Hasina akaitazama redio yake, akamtazama shangazi, akaona bora aondoe sahani ya karanga juu ya kompyuta. Nilimpa disketi. Akaiingiza mwenyewe kama nilivyokuwa nimemwelekeza, akabonyeza kwa kidole kimoja. Mashine ikaguguna. Mimi nilikuwa nimemshika Doto kwa nguvu mpaka akalia.

Kisha kikatokea kile nilichoongeza bila kuagizwa. Kabla ya orodha ya pampu na mikanda, kioo cheusi kiliandika kwa herufi za kijani: MWANGALUKA. Baba Hasina akalisoma kwa sauti, polepole, salamu ya asubuhi ya Kisukuma kutoka kwenye mashine ya Ulaya, na kwa mazoea ya mdomo akaiitikia, "Mhola." Wateja wote nyuma yake wakaitikia, "Mhola!" Akageuka kwangu uso umefunguka. "Kaa, mayu," akasema, yaani mama. "Nionyeshe." Kijana wa Mwanza hakuitwa.

Kwa miaka mingi baada ya hapo niliwafanyia kazi watu wa Masumbwe, Kahama, hata Ushirombo, nyumbani kwangu, watoto wakikua miguuni pangu. Ndiyo maana nakuambia haya nikiwa na hakika.

Mwanangu, kupunguzwa kazi hakusemi wewe ni nani. Kunasema tu ofisi ile imekosa nafasi. Kazi yako ikirudi na jibu kwamba ni tupu, uliza kwanza ilipita wapi na ilifunguliwaje, kabla hujajihukumu. Ikiwa kosa ni lako utalirekebisha, umri unao. Unapompa mtu kazi yako, hata awe mkubwa wako, mweleze kinachoiharibu. Kuelezana si kudharauliana. Na usiuguze aibu peke yako chumbani wakati aliyebeba mzigo wako yuko sebuleni anakula ugali.

Mungu akufungulie milango ya mbali na ya karibu. Akupe watu wa kukuombea kwa sauti kubwa mbele ya duka lililojaa, na siku moja na wewe umwombee mwingine. Haya, nenda kawaandikie hao watu wako, uwaulize waliifunguaje. Mimi nakupashia chai.