Hasira za Mume Wangu Zilikuja na Mshenga

Mume wangu hakuwahi kunigombeza. Wanawake wenzangu wa Majengo waliona nimeokota dodo. Miaka hiyo biashara ya nafaka ilikuwa imeachiwa huru, na waume zao walirudi kutoka sokoni wamechoka, wakimwaga matusi uani. Wangu alinyamaza. Akikasirika alisusa chakula, akaenda kukaa juu ya magunia yake ya mahindi. Kesho yake mshenga, yule mzee aliyeleta posa yake kwetu, alikuja kupiga hodi.

"Mwanangu, mwenzio hakupenda ulivyomjibu mbele ya wateja."

"Kwa nini asiniambie mwenyewe, baba? Si tunalala kitanda kimoja!"

"Hasira hasara, mwanangu. Ndiyo maana tupo sisi."

Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya makelele. Kwetu Mpwapwa mama akikasirika mtaa mzima ulijua, na jua likizama tumeshacheka. Basi nilimfuata kwenye magunia yake, nikafoka, nikalia, nikamvuta shati. Kadiri nilivyomfuata ndivyo alivyozidi kujikunyata. Mama yake alimwacha mdogo, akalelewa kwa kuhamishwa: akilia kwa shangazi, anapelekwa kwa mjomba. Nililijua hilo, na bado lilinikera. Nilimpenda, nilitaka anifokee mimi, japo mara moja.

Kiangazi kimoja mshenga akafa ghafla. Katikati ya kilio nilipata tumaini, Mungu anisamehe. Sasa hana wa kumtuma, nikajisemea. Atanijia mwenyewe.

Wanaume walirudi kutoka makaburini mchana. Mume wangu aliketi uani, kanzu imejaa vumbi jekundu. Nikampelekea maji, nikakaa karibu yake, nikafunga huu mdomo wangu. Nikangoja. Akanywa kidogo, akaweka kikombe chini. Akanitazama, midomo ikafunguka. Kisha akainuka, akatoka nje.

Alasiri nikasikia hodi. Alikuwa jirani yetu muuza karanga, mtu mwenye haya, hajui aiweke wapi mikono yake. Nyuma yake, barabarani, mume wangu alikuwa amesimama, ametupa mgongo.

"Samahani, shemeji. Mwenzio kanituma." Akageuka kutazama barabarani. "Anasema amefiwa na mtu wake, na ana huzuni sana."

Niliutazama ule mgongo. Hatua chache tu, ningeweza kumfikia kabla hajageuka. Sikwenda. Nilikuwa nimechoka, nimechoka mpaka kwenye mifupa.

"Mwambie," nikasema, "nimempa pole."