Misizi ya Kokubanza

Mwaka 1987, Alistidia akiwa na miezi sita tu kazini kama mtafiti wa misitu, alitumwa Kishanda, wilayani Muleba, kuorodhesha miti iliyopandwa na wananchi. Fomu alizotoka nazo Bukoba zilikuwa na nafasi moja tu ya jina: mkuu wa kaya.

Nyuma ya nyumba ya Kokubanza alikuta misizi arobaini na miwili, miti ya mbao, mirefu, imenyooka. Mume wake, Aroni, alikuwa amelazwa barazani juu ya mkeka, amekondeshwa na ukimwi, ambao watu wa huko waliuita Juliana.

"Nani aliipanda?"

"Mimi, mwanangu. Mwaka wa vita. Mwenzangu alikuwa Uganda akipanda mabomu."

Aroni alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Na hata moja halikuota," akasema. "Andika Kokubanza."

Alistidia alitabasamu, akaandika: Aroni. Fomu ilitaka hivyo, naye aliogopa kuambiwa mjini kwamba hajui kujaza fomu.

Aroni alifariki kabla ya mwaka kwisha. Kibanja cha migomba kikarudi kwa ukoo, na Kokubanza hakubisha. Lakini misizi ilisimama kwenye rweya, eneo la nyasi nje ya migomba, na kwa mapatano ya kijiji kile, kipande cha rweya kilikuwa cha aliyekipanda miti. Hapo ndipo mjane alipotegemea kujenga. Ildefons, mdogo wa marehemu, akaenda ofisi ya kijiji, akatoka na orodha ya Alistidia.

Alistidia aliitwa mbele ya baraza la kijiji.

"Bibi Misitu, mwandiko huu ni wa nani?" Ildefons aliuliza.

"Wangu. Lakini aliyepanda ni—"

"Ulipoandika ulikuwa na usingizi?"

Wanaume wakacheka.

"Marehemu mwenyewe alisema—"

"Basi mwite aje kushuhudia."

Walioamua walikuwa wanaume kumi na mmoja, ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwagilia mche pale. Dhuluma ile ikapigwa muhuri, ikaitwa haki.

Kokubanza hakulia. Alijitwika godoro lake, akasimama mbele ya Alistidia.

"Nilikutajia jina langu, mwanangu. Na mume wangu akakutajia."

Tangu siku hiyo, katika kila fomu Alistidia alichora kwa rula safu ya pili: aliyepanda. Mkuu wake alimkaripia, hakuacha. Lakini Kishanda misizi ilikuwa imekwisha kupasuliwa mbao.