Waya Katikati ya Tuta la Liki

Avril Dinsdale alipewa na Mungu sauti ya kutuliza watu. Hakupewa uzuri wa kusimamisha njia wala mkono wa kupika, na wanaomjua pale kijijini Hallerby watakuambia kwamba mkate wake unaweza kuzibia tundu la ukuta. Lakini akifungua mdomo, hata mtoto mwenye homa hunyamaza asikilize. Kwa miaka mingi sauti hiyo alikuwa akiimalizia kwenye kaunta ya duka la viatu, akiwaambia watu kwamba ngozi italegea wakishaivaa. Duka lilipofungwa, akapata kazi iliyomfaa kama kofia na kichwa: kupokea simu za wenye shughuli za mazishi.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu amefiwa jioni, ofisi ya mazishi imefungwa, naye anapiga simu. Simu hiyo inaruka mpaka kwa mwanamke aliyekaa nyumbani kwake, ambaye ataipokea, atauliza jina, atauliza marehemu yuko wapi, kisha atawaarifu wahusika. Ni kazi ya maneno machache. Ila yule anayepiga huwa ndiyo kwanza amelitamka lile neno, "amekufa", na hataki aliyempokea awe na haraka. Avril hakuwa na haraka. Lorna, msimamizi wake aliyekuwa mjini, alimwambia katika wiki za mwanzo za majaribio, "Wewe dada ulikuwa wapi siku zote?" Avril akalichukua neno hilo, akalala nalo, akaamka nalo.

Tatizo lilikuwa nyumba. Nyumba za Hallerby zilijengwa kwa ajili ya wachimba makaa ya mawe, zimebanana ukuta kwa ukuta, na jikoni kwa Avril ndiko walikopitia wanaume wote wa liki. Mumewe, Wilf, alikuwa mkulima wa liki, na msomaji asidhani nasema mkulima wa kula. Liki ya Hallerby, yule ndugu wa kitunguu mwenye shina jeupe, hunenepeshwa mpaka ikawa kama paja la mtu, ikapelekwa kwenye maonyesho ya klabu mwezi wa Septemba, ikapimwa, ikashangiliwa, na mwenye kushinda akatembea mwaka mzima kifua mbele. Kwa hiyo mama wa watu yuko kwenye simu analia, mumewe amekata roho sasa hivi, na nyuma ya Avril mwanamume mwenye viatu vya matope anauliza, "Wilf, yale mavi ya farasi yameshaoza?"

Simu za mkononi miaka ile zilikuwa hazishiki kule bondeni. Ikabaki njia moja: kibanda kilichokuwa mwisho wa bustani. Avril alikisafisha, akatundika pazia, akaweka meza, kiti na jiko dogo la umeme. Kilichokosekana ni waya wa simu tu. Na kati ya nyumba na kibanda, ukuta wa jirani upande huu na uwanja wa zege upande ule, lilikuwako tuta la liki.

Tuta lile lilikuwa la ndugu wawili, Wilf na Ralph. Udongo wake baba yao aliutengeneza, wao wakauongeza kila mwaka, na mbegu walizitunza wenyewe. Ralph alikuwa msemaji na Wilf alikuwa mnyamavu, na kwa mpango huo waliishi vizuri. Majira ya baridi yaliyopita Ralph alianguka kwenye ngazi za nyumba yake, akafa. Wilf alibeba jeneza pamoja na wenzake, akarudi nyumbani, akavua suti, akaenda kulima. Hakusema neno siku ile wala siku zilizofuata. Majira ya kuchipua yalipofika akapanda safu tatu kama kawaida, na Avril akijua bila kuambiwa kwamba safu ya katikati, ile ambayo miaka yote ilikuwa ya Ralph, bado ni ya Ralph.

"Nitakuvutia waya mwenyewe," Wilf alisema Avril alipotaja kumwita fundi. "Fundi hapiti hapa kabla ya maonyesho."

"Fundi wa simu atakuibia nini?"

"Macho anayo. Mdomo anao. Na shemeji yake huenda analima liki."

Akauvuta. Waya aliokuwa nao ulikuwa mfupi, akaunga na mwingine, na kile kiungo akakitumbukiza ndani ya kipande cha bomba, lile wanalovalisha liki ili shina liwe jeupe. Akakifunga utepe, akakilaza kwenye ubao wa pembeni mwa tuta. Simu ikalia kibandani. Avril akamkumbatia mumewe mbele ya liki zote, naye akasimama wima kama nguzo mpaka akaachiliwa.

Asubuhi simu ilikuwa safi. Jioni ikaanza kukwaruza. Kesho yake vilevile, na keshokutwa ikazidi, na jioni ndiyo saa ya kazi. Avril aliwaomba watu warudie jina la marehemu, na hakuna jambo baya kama kumwomba mfiwa arudie. Alivumilia. Watu wa kule wana ugonjwa huo: mtu anakanyagwa mguu, yeye ndiye anayeomba radhi.

Mpaka jioni moja ya Agosti. Mwanamke alipiga, mtu mzima mwenye sauti ya msichana. Mama yake alikuwa kitandani hapo mbele yake, alisema, na hakujua kama anaruhusiwa kumfumba macho. Avril akamwambia anaruhusiwa, amfumbe, asiogope, yeye yuko naye. Simu ikakwaruza, ikapiga mluzi, ikafa. Avril akatimua mbio mpaka jikoni. Ya jikoni nayo ilikuwa imekufa, maana ni waya mmoja. Namba ya yule mwanamke hakuwa ameichukua bado. Alisimama na chombo cha simu mkononi, akalia kwa hasira.

Kesho yake simu ilipopata nafuu, Lorna alipiga. "Yule dada alitupigia tena. Anadhani ulimkatia. Nimekutetea, Avril, lakini wenye ofisi wamesema ikikatika nyingine basi. Laini iwe nzima kufikia Ijumaa."

Safari hii Avril hakumwomba mtu ruhusa. Alingoja Wilf aende klabu, akamwita fundi, kijana anayeitwa Darren Oxley, akamnywesha chai kwanza kama ipasavyo. Darren akaufuata waya kwa mkono tangu ukutani mpaka kwenye lile bomba, akalifungua, akalinusa. Akanusa tena.

"Mama, hii waya imekunywa bia."

"Imekunywa nini?"

"Bia. Na kitu kingine sipendi kukitaja. Kiungo kimeoza chote, angalia kilivyo kijani."

Avril akafumba macho. Kila jioni, saa ileile anapoingia kazini, Wilf alikuwa akizinywesha liki zake. Kila mkulima wa Hallerby ana dawa yake ya siri, na ya akina Dinsdale ilikuwa bia nyeusi, sukari, na maji yaliyolowekwa samadi. Iliyomwagika ilitiririka ubaoni, ikaingia bombani, ikakaa. Mwanamume alikuwa akiitilia sumu simu ya mkewe kwa ndoo, kwa mapenzi yote, bila kujua.

Hapo ndipo Wilf alipotokea mlangoni. Alimkuta mtu mgeni amepiga magoti mbele ya tuta lake.

"Wewe nani, na nani kakutuma?"

"Mimi wa simu, mzee."

"Wa simu gani anayenusa liki?"

"Sinusi liki, mzee, nanusa waya. Ungekuwa umeipa chai ingekuwa nzima mpaka leo." Darren akainuka, akajipangusa magoti. "Hii haiungwi tena. Unataka waya mmoja usio na kiungo, ndani ya bomba, chini ya ardhi, kina cha jembe na nusu. Huku ukuta wa jirani, huku zege. Juu zinapita nyaya za umeme, siruhusiwi." Akanyoosha mkono, ukapita katikati ya tuta, juu ya safu ya Ralph. "Njia ni hapa. Mkichimba nyinyi, mimi nakuja Ijumaa asubuhi naulaza."

Darren akamaliza chai yake haraka, akaaga.

Jioni walikaa mezani kula. Avril alikata kiazi kimoja vipande vingi kuliko kinavyohitaji.

"Nitamwambia Lorna kazi imenishinda," alisema.

Wilf akatafuna.

"Haina neno," Avril akaongeza, kama wanavyoongeza wote kule jambo likiwa na neno. Kisha, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, akajikosoa. "Hapana, ina neno. Nina hasira na wewe, Wilf. Watu nisiowajua wananipigia simu wananiambia habari za wafu wao. Nimeambiwa mpaka rangi za soksi. Wewe ndugu yako amekufa tangu theluji, nakula nawe, nalala nawe, hujanitajia jina lake hata mara moja. Unazungumza na zile liki. Mimi si mtu?"

Wilf akaweka uma chini. Uso wake ulikuwa mwekundu, na mdomo ulifunguka kidogo, Avril akadhani sasa. Lakini akasukuma kiti, akatoka nje, akasimama mbele ya tuta na mikono mfukoni hadi giza likamficha.

Asubuhi Avril aliamshwa na sauti ya jembe. Alipochungulia dirishani, safu ya katikati ilikuwa imeng'olewa. Liki zililazwa kwenye majani, moja moja, mizizi ikielekea upande mmoja, kila moja nene kama paja, na wiki chache tu zilikuwa zimebaki maonyesho yafike. Wilf alikuwa ndani ya mtaro, shati limemganda mgongoni, anashuka jembe na nusu kama alivyoagizwa. Juu ya ukuta alichomoza jirani yao Cuthbert Hepple, mshindani wake wa miaka yote.

"Wilf, umepata wazimu au umepata dini?"

"Nimepata mke. Shika hii, kaipikie supu."

Cuthbert alipokea ile liki kwa mikono miwili. Avril alishuka na koti juu ya nguo za kulalia. Alitaka kusema asante, alitaka kusema pole, akasimama ukingoni mwa mtaro.

"Usisimame hapo," Wilf akamwambia bila kuinua kichwa. "Lete chai."

Ijumaa asubuhi Darren alilaza waya, Wilf akafukia kwa mikono, akaushindilia udongo wa baba yake. Halafu akachukua kofia akasema anakwenda kuijaribu simu, akashuka barabarani kwenye kibanda cha simu cha pembe ya mtaa. Avril akakaa mezani kwake, akangoja. Ikalia.

"Ni mimi," Wilf akasema. "Unanisikia?"

"Nakusikia kama umekaa hapa."

"Haikwaruzi?"

"Haikwaruzi hata kidogo."

"Haya."

Alidhani atakata. Hakukata. Pumzi yake ilisikika wazi kabisa, na gari lililopita nyuma yake barabarani, na sarafu nyingine ikidondoka ndani ya simu.

"Avril."

"Naam."

"Ralph amekufa."

Avril angeweza kusema najua. Angeweza kumwambia kwamba yeye ndiye aliyemfunga tai siku ya mazishi. Alivuta kiti karibu na meza, akakishika chombo kwa mikono miwili.

"Pole sana, mpenzi wangu," alisema. "Niambie. Sina haraka."

Wilf akamwambia. Alianza na zile ngazi, akarudi nyuma mpaka utotoni, akaja mbele tena, akalia, akaendelea. Sarafu zilipomwishia alipanda mlima kwa miguu, akapita juu ya ule udongo mpya, akaingia kibandani na kofia yake, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanzia pale alipokatizwa.