Siku Nilipomdanganya Mshenga

Siku moja siisahau, mwanangu, ingawa nimesahau mengi, hata majina ya baadhi ya wajukuu. Ni siku mshenga alipofika kwetu Ekerenyo kuuliza habari za mdogo wangu Kemunto, nami, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu mwenye maneno mengi kuliko busara, nikamtazama machoni nikamdanganya. Nitakusimulia bila kujipaka mafuta, kwa sababu mwisho wake unanipa fahari mpaka leo.

Kwetu Gusii mshenga, tunayemwita esigani, si mtu wa kupeleka salamu tu. Anatumwa na nyumba ya kijana achunguze nyumba ya msichana: kama wana mkono mrefu, kama wana uchawi, kama wana ugonjwa. Huyu aliyekuja aliitwa Nyanya Bonareri, mzee mwembamba, mtaratibu, lakini jicho lake halikuachi. Baba na mama walikuwa wametangulia, na mimi, kifungua mimba, niliyeolewa jirani tu, ndiye niliyerudi nyumbani kumpokea. Akanywa uji wake wote, akapangusa midomo, akauliza, "Mama yenu alikufa na nini?"

Jibu nililijua mimi peke yangu. Daktari alikuwa ameniita pembeni akaniambia mama ameuawa na saratani ya titi. Akaongeza kwamba ugonjwa huo mara nyingine hufuata damu, kwa hivyo sisi mabinti wawili tuwe tunakwenda kuchunguzwa mapema, hata kama hatuumwi popote. Niliitikia kwa kichwa. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshaamua kwamba neno hilo halitatoka kinywani mwangu. Watu wangesema nyumba ile imelogwa, au ina ugonjwa wa kurithi, na nani angemwoa Kemunto wangu?

"Vidonda vya tumbo, Nyanya," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa huruma. Kemunto akaolewa Marani kwa vigelegele, na mimi nikajiona nimeokoa nyumba. Hata Kemunto mwenyewe aliamini kwamba mama alikufa na tumbo.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilichukua miaka sita. Mwaka wa sita hofu ilinishika. Kila nilipooga nilijipapasa, na kila nilipojipapasa nilimwona mama. Nikamwambia mume wangu nakwenda Kisii kununua sare za watoto, nikaenda hospitalini. Niliketi kwenye benchi nimejifunika leso mpaka puani. Muuguzi wa siku ile alikuwa amejaliwa sauti ya mhubiri wa sokoni. Akatoka mlangoni akaita, "Moraa! Yule wa kuchunguzwa matiti!"

Benchi zima likageuka. Na mwisho wa benchi, akingoja dawa ya macho, alikuwa Nyanya Bonareri.

Nilichunguzwa, nikaambiwa niko salama, nirudi mwaka ujao. Nilipotoka yule mzee alikuwa hajaondoka. Akasogea kidogo, akapiga benchi kwa kiganja. "Keti."

Nikaketi.

"Mama yako hakufa na vidonda vya tumbo."

"Hapana, Nyanya."

"Na wewe umekuja kujiangalia. Yule mdogo je? Anajua?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Nakwambia, mwanangu, nimewahi kuchapwa na mwalimu mbele ya shule nzima, lakini sijawahi kuona aibu kama ile.

"Mngemkataa," nikasema.

"Pengine," akasema. "Wako wangemkataa, siwezi kukudanganya. Lakini wewe unadhani mimi nauliza ndio nikatae tu? Nauliza ndio anayempokea msichana ajue atamchunga namna gani. Hata ukipewa kuku wa kufuga unaambiwa amezoea kulala wapi. Wewe umetupatia mtu, na ukamnyima yeye mwenyewe habari yake."

Nilianza kulia. Hakunibembeleza. Alifunga dawa yake kwenye kona ya leso akainuka.

"Uongo ulipitia kwangu," akasema. "Kesho tunaenda Marani, na ukweli pia utapitia kwangu."

Kesho yake tukaenda. Mama mkwe wa Kemunto, Mama Mogaka, alitupokea kwa chai na ndizi za kuchemsha. Kemunto alikuwa ameketi akinyonyesha mtoto wake wa pili, akafurahi kuniona, na furaha yake ilinichoma. Nyanya Bonareri hakugusa kikombe. Alisimama, mzee yule, akasema, "Mama Mogaka, niliwaletea msichana pamoja na neno. Msichana ni mzuri. Neno ndilo lilikuwa bovu. Leo nimekuja kulichukua." Kisha akanigeukia mimi.

Nikasema yote: ugonjwa wa mama, maneno ya daktari, na kwamba mimi nimechunguzwa jana. Nilimaliza nikiangalia sakafu. Nilingoja tufukuzwe, nikangoja kusikia kwamba Kemunto afungashe vitu vyake arudi nasi.

Mama Mogaka aliweka birika chini. Akasema, "Kwa hivyo huyu mtoto wangu amekaa hapa miaka sita na hakuna mtu wa kumwangalia." Mtoto wangu! Sikuamini masikio yangu. "Kemunto, kesho mimi na wewe tunaenda hospitali. Na mimi watanipima. Haya yangu yamekauka lakini bado ni yangu."

Nyanya Bonareri alicheka, na hapo ndipo alipoichukua chai yake.

Kemunto hakucheka. Alinisindikiza mpaka kwenye ua, akasimama. "Dada, ulijipima wewe kwanza," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Kuna kitu hapa upande wa kushoto. Miezi miwili sasa. Nilidhani ni maziwa."

Walimkuta na saratani. Ilikuwa ingali changa, haijasambaa, na daktari alisema wazi kwamba wangechelewa habari ingekuwa nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliwahi ufa, lakini kwa neema, si kwa akili zangu. Kemunto alipasuliwa, akatibiwa, nywele zikamtoka zote. Mama Mogaka alikaa naye wodini, na mimi nikawalea watoto wake wawili. Mdogo wangu hakunisemesha karibu mwaka mzima, na sikumlaumu. Kisha asubuhi moja alikuja kwangu na kitana, akaketi mbele yangu, akasema nywele zimerefuka, nimsuke. Nilimsuka huku machozi yakidondokea mistari, akaniambia niache kumlowesha.

Leo Kemunto ni nyanya. Siku za mikutano ya akina mama kanisani husimama mbele yao wote na kutaja ugonjwa kwa jina lake, na kueleza kilichomuua mama yetu, bila kuinamisha kichwa. Mama Mogaka, kabla hajafa kwa uzee wake mwenyewe, aliwapeleka wakaza wana wake wote watano kuchunguzwa, akitangulia mbele na mwavuli wake. Naona fahari kutoka katika nyumba ya mama yangu, na fahari zaidi kwamba mdogo wangu alinisamehe.

Basi sikia, mwanangu. Mgonjwa akifa kwenu, uliza amekufa na nini, na usiridhike na jibu la kufunika. Ukijua, waambie ndugu zako kabla hujawaambia majirani, na hata kabla hujajipeleka mwenyewe. Na siku ya kwenda kuchunguzwa mchukue mmoja mwende pamoja, kwa maana woga wa wawili huwa mdogo. Wavulana nanyi msijifiche nyuma ya dada zenu, saratani haichagui suruali wala rinda. Watu watasema, ndiyo. Waache waseme, midomo yao haijawahi kumnyonyeshea mtu mtoto wake.

Kuficha jina la ugonjwa hakukumpa mama yangu heshima yoyote. Heshima yake ni sisi wawili, tunaogombana mpaka leo juu ya nani anajua kupika vizuri zaidi. Mungu akupe mvi, mwanangu, na akupe ndugu wenye mvi wa kugombana nao.